Usimwambie Neema Unakwenda Kumtafutia Gauni

Nsimire mwanangu,

Umekaa kwa Mama Shantali unasukwa nywele, na jinsi ninavyomjua yule mama na mdomo wake, hutarudi kabla giza halijaingia. Neema amelala usingizi wa mchana. Mabegi yako mawili yamesimama hapa sebuleni, moja la nguo na la pili pia la nguo, na mimi nimechukua daftari la shule la Neema niandike kabla sijabadili mawazo. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Isome leo. Usiingoje mpaka uvuke mpaka pale Ruzizi, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo ukilisoma ng'ambo litakuwa limechelewa.

Sitakuandikia habari za kuficha pasipoti wala za kula vizuri. Una miaka ishirini na tisa, na kwenye mambo ya karatasi wewe ndiye unayenifundisha mimi. Yule mwanamke wa Nairobi mwenye nyumba ya mitindo amekuchagua kati ya mafundi wangapi sijui, na sasa itakuwa mwezi mmoja Nairobi, mwezi mwingine Dakar, mara Paris, unavalisha watu kazi ya mikono yako. Nimefurahi hadi nimewachosha majirani. Hilo ulijue kwanza, kabla hujafika kwenye maneno mengine.

Sasa nikuambie kilichotokea leo asubuhi ulipokuwa unaoga. Nilitaka kumvisha Neema lile gauni la kitambaa cha kikwembe cha manjano ulilomshonea, lenye mikono ya kujaa, tuende nalo misa. Akakataa. Hakulia, alikataa tu kwa utulivu, kama mtu mzima mwenye sababu zake. Akalikunja mwenyewe, vibaya, mkono mmoja unaning'inia, akanipa.

«Koko, iyi robe tuiweke,» akaniambia mimi bibi yake. «Nikiivaa itazeeka, na maman ataenda kutafuta ingine.»

Nikamuuliza nani amemwambia maneno hayo.

«Maman njo alisema. Alisema iko anaenda kunitafutia marobe.»

Nilimvisha gauni la zamani, tukaenda. Padri alihubiri nini leo, usiniulize. Nilikaa pale kwenye benchi nimemshika mkono mtoto wako na kichwa changu kiko Cimpunda, miaka zaidi ya ishirini nyuma, kwenye ile nyumba yetu ya mabati, mbele ya sanduku lililofunguliwa.

Hukumbuki hadithi hii, au unaikumbuka kwa vipande. Mimi ninayo yote na sijawahi kukusimulia, kwa sababu sionekani vizuri ndani yake, na unajua mama yako anavyopenda kuonekana vizuri.

Watu walikuwa wananiita Maman Lome. Nilikuwa ninapanda ndege kutoka Kigali mpaka kule Lome kwenda kuchukua vikwembe vya wax, mara nne kwa mwaka, wakati mwingine tano. Wewe umekua ukisikia kwamba mama yako alihangaika duniani ili mtoto wake ale na asome. Ni mimi niliyeisambaza habari hiyo. Niliwaambia jirani, niliwaambia wakwe, nilikuambia wewe kila mara nilipofunga begi. Ukweli ambao sijampa hata padri kwenye kitubio ni huu: ningeweza kununua kwa wauzaji wa hapa hapa, nikauza soko la Kadutu na kulala nyumbani kila siku. Wanawake wengi walifanya hivyo, na watoto wao walisoma kama wewe. Mimi nilikwenda Lome kwa sababu nilipenda kwenda Lome.

Nilipenda yale maduka yao, vitambaa vimepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, na mama mwenye duka amekaa katikati anakuangalia kwanza ulivyovaa kabla hajaamua kukufungulia vile vizuri. Nilipenda harufu ya kikwembe kipya. Usinicheke, nimekuona mara ngapi unanusa kitambaa kabla hujakikata. Lakini zaidi ya yote nilipenda kurudi. Nilipenda kushuka kwenye gari pale Kadutu nikiwa nimevaa rangi ambayo hakuna mwanamke wa Bukavu aliyekuwa ameiona, na kusikia sauti za watu zikipungua kidogo. Kwa siku tatu, nne, mji mzima ulikuwa unanitazama mimi, mtoto wa mkulima wa Walungu. Halafu wengine nao wananunua, wanashona, wanavaa, na mimi naanza kuwashwa miguuni.

Nilifanya hata upumbavu kwa ajili ya nguo. Unajua wanawake wa mpakani wanavyojifunga vikwembe vitano, sita kiunoni, ili afisa akiuliza waseme ni nguo zao za mwili. Nami nikasema kama mbinu hiyo inafaa Ruzizi, itafaa uwanja wa ndege pia. Mizigo yangu ilikuwa imezidi uzito. Nikaingia chooni na vikwembe kumi na mmoja, nikajifunga vyote, juu yake blauzi ya libaya, juu ya libaya koti. Joto la Lome unalisikia tu kwa jina. Nilianguka kwenye foleni, na yule binti wa uwanja wa ndege aliyekuja kunipepea akaanza kunifungua kimoja, akakuta kingine, akafungua, akakuta kingine. Watu waliacha foleni zao wakaja kuhesabu. Ninakuandikia hili ili ucheke kidogo, kwa sababu mbele si pa kucheka.

Baba yako alikuwa ameshafariki. Wewe nilikuwa ninakuacha kwa Faida, mdogo wangu, aliyeshuka kutoka Walungu na cherehani yake akakaa nasi kwenye kile chumba cha nyuma. Kila safari nilikuletea gauni. La lesi, la mkanda nyuma, la maua kifuani, na soksi zake. Nilikuwa ninakuvalisha siku ya kufika, nakutembeza kwa majirani, watu wanasema «mutoto wa Maman Lome anapendeza,» na mimi ninakuwa nimeshalipa deni la kutokuwepo. Ndivyo nilivyofikiri.

Safari moja nilirudi nikakukuta uani umevaa kigauni kilichopauka, kimeshonwa ubavuni mara mbili. Niliingia ndani nikafungua lile sanduku la bati, nikakuta magauni tisa. Yote yamekunjwa, mengine hata karatasi ya dukani haijatoka. Damu ilinipanda. Nikamwita Faida.

«Mutoto wangu anavaa matambara, na izi robe iko unazichungia nani? Batoto ba kaka yetu kule Walungu?»

Faida alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka chini polepole.

«Dada, uliza mutoto,» akasema.

Mimi nimuulize mtoto? Mtoto wa miaka saba anihukumie kesi kati yangu na mdogo wangu? Niliona ni dharau juu ya wizi. Nilimwita mwizi, Nsimire. Nililisema neno hilo mlango ukiwa wazi, jirani wakisikia, kwa msichana aliyekuwa anakuogesha, anakulisha, anakupeleka shule. Siku iliyofuata alifunga cherehani yake kwa kamba akapanda gari la Walungu.

Ulilia siku mbili. Ulikuwa unaita «maman, maman,» na mimi nilikuwa nimekushika, nakuambia «niko hapa,» na wewe unaendelea kuita. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hukuwa unaniita mimi. Mimi uliniita Maman Lome, kama watu wote.

Siku ya tatu, nikikuosha miguu, nikakuuliza kwa nini huvai magauni yako. Nilikuwa bado ninatafuta ushahidi dhidi ya Faida. Ukanijibu huku unachezea povu la sabuni.

«Zikizeeka utaenda tena. Kama zinabakia mupya, hauna kazi kule.»

Ulikuwa unazitunza ili nisiondoke. Faida alijua. Alikuwa amejaribu kukuvisha, ukakataa, na hakuwa na moyo wa kukulazimisha, wala hakutaka kuniambia kwa sababu aliona litaniumiza. Afadhali angeniumiza.

Ningependa kukuandikia hapa kwamba nililia, nikakukumbatia, na sikwenda tena. Nililia, ndiyo. Nilikukumbatia. Na wiki tatu baadaye nilikwenda. Kulikuwa na wax mpya imetoka, wenzangu walikuwa wanapanda, na mimi sikuweza kukubali washuke nayo kabla yangu. Nilikuacha kwa jirani, nikakuambia yale yale: mama anakwenda kwa ajili yako. Nilikuwa nimeshajua neno hilo linakufanya nini, nikalirudia, kwa sababu sikuwa na lingine lililonipendeza.

Safari hiyo ndiyo masasi ya bunduki yalilia mjini. Nilikuwa dukani, kikwembe cha kijani mkono huu, cha buluu mkono huu, sijui nichukue kipi, mama mwenye duka akaniambia mji wenu unatajwa redioni. Simu haikuingia siku hiyo, wala siku iliyofuata, wala ile ya tatu. Nilikaa kwenye kitanda cha hoteli katikati ya vitambaa vyangu, na vile vitambaa nilivichukia, Nsimire, nikavitukana kwa kinywa.

Aliyekuja kukuchukua ni Faida. Watu walikuwa wanatoka mjini na magodoro kichwani, yeye anaingia. Alitembea kutoka Walungu kwa miguu. Alikukuta chini ya kitanda cha jirani na watoto wengine wanne, akakufunga mgongoni, mtoto wa miaka saba na miguu yako mirefu, akarudi nawe alikotoka. Mtu niliyemwita mwizi.

Nilipofika Walungu kumwomba msamaha hakunikatalia. Alinipa kiti, akanipikia. Aliniambia, «Dada, ilikwisha.» Lakini tangu siku hiyo hadi leo hajawahi kulala nyumbani kwangu hata usiku mmoja, akija mjini anafikia kwingine, na mimi sijathubutu kumuuliza. Ulikaa kwake miaka mitatu. Ulijua kutia uzi sindano kabla hujajua kuandika jina lako lote. Mimi nawaambia watu kwamba mwanangu amerithi mitindo kwangu, na wewe unanyamaza kwa adabu, nashukuru. Macho labda ni yangu. Mikono ni ya Faida, na wakikuuliza huko Nairobi ulijifunza wapi, anza naye.

Kwa hiyo si maumivu ya magoti yaliyonitoa Lome, kama ninavyowaambia watu. Niliacha kwa hofu na aibu. Na kuacha kwenyewe sikukufanya vizuri, maana miaka ile ya kwanza uliporudi kwangu nilikuwa nyumbani na uso umekunjamana, kila ndege ikipita juu naitazama, na wewe ulikuwa unanitazama mimi. Ulikuwa na miaka kumi na moja uliponiuliza kama nimebaki nyumbani kwa ajili yako. Nikasema ndiyo. Unaona? Nilipokwenda, nilikwenda kwa ajili yako. Nilipobaki, nilibaki kwa ajili yako. Mtoto mdogo nilimbebesha mpaka viza zangu.

Ndiyo maana sikuandikii ili usiende. Nenda. Umekesha kwenye ile cherehani ya miguu umeme ukikosa, umeshona sare za harusi za nusu ya Kadutu, umefumua kazi ukaanza upya kwa sababu bega moja limelala kidogo na mteja mwenyewe hajaona. Mtu wa namna hiyo nani atamwambia abaki? Ungebaki, ungekuwa na uso ule wangu. Penda nguo zako. Penda na viwanja vya ndege pia, na hoteli, na kuamka mahali ambapo hakuna anayejua jina la baba yako. Mimi nilivipenda na hata leo, uzee huu, nikinusa kikwembe kipya moyo unashtuka.

Ninachokuomba ni kwamba usimwambie Neema unakwenda kumtafutia gauni. Ukimwambia hivyo umempa kazi. Ameshaianza, leo asubuhi, na miaka yake mitano. Atakunja kila kitu utakachomletea, atavaa yaliyopauka, halafu utakapoondoka tena atafikiri hakutunza vya kutosha. Mwambie maman anapenda kazi ya nguo, na kazi hiyo iko mbali, na maman anampenda Neema, na Neema yuko hapa. Atakuuliza unapenda kipi zaidi. Watoto huuliza hivyo. Mwambie ni yeye, halafu mwambie kwamba hata hivyo unakwenda. Ni jibu baya. Mimi nimelizungusha kichwani leo misa nzima nitafute lililo tamu zaidi, sikulipata, na nikaona kwamba lile tamu ndilo lililokuweka wewe mbele ya sanduku.

Na safari ya kwanza ukirudi, rudi mikono mitupu. Najua itakuuma, najua watu wa kule barabarani watasema, maana hapa kwetu mtu akitoka ng'ambo macho yanakwenda kwenye begi kabla ya uso. Waache waseme. Neema aone umerudi na hukuleta kitu, ajue kwamba umerudi tu. Safari ya pili mletee ukitaka, lakini umpime kwanza, mtoto haendi na vipimo vya mwezi uliopita. Baba yake akishuka kutoka machimboni Kamituga nitamwambia hayo hayo, yeye na zile zawadi zake za dhahabu kwa mtoto anayepoteza hata kiatu.

Sasa lile jambo nililosema litachelewa.

Jana nilikusikia kwenye simu na dereva. «Ukuye saa kumi na moja,» ulimwambia, «mbele mutoto hajaamuka.» Ulikuwa unasema kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa jikoni, na kisu kilisimama mkononi. Maana sauti ile ni yangu. Maneno ni yangu. Mimi, Nsimire, katika safari zote zile za Lome, sikukuaga hata mara moja. Niliondoka kila mara ukiwa umelala, viatu nimevishika mkononi mpaka barabarani. Nilisema ni huruma, mtoto asilie bure. Ilikuwa mimi niliyeogopa, kwa sababu ungelilia mbele yangu labda nisingekwenda, na nilitaka kwenda.

Siku ile ya kuomba msamaha Walungu, Faida aliniambia jambo jingine moja tu, bila hasira, huku anapepeta maharage. Aliniambia kwamba mwaka ule wa mwisho ulikuwa umeanza kulala na viatu. Alikuvua, ukilala kidogo unaamka unavivaa tena. Ulitaka ukinisikia mlangoni uwe tayari. Na kila mara nilikuwa nimeshaondoka, na yeye ndiye aliyekukuta asubuhi umesimama barabarani na viatu vyako.

Nimempigia dereva. Atakuja kesho saa tatu asubuhi. Ndege yako ni ya saa nne usiku, nimeuliza, muda wa kufika Kigali upo, na kama utakimbizana kidogo njiani utakimbizana. Neema atakuwa ameamka, amekunywa chai. Piga magoti umwambie ukitazama macho yake, kisha ondoka akikuona, kwa miguu yako, mchana, mpaka gari lipotee kwenye kona. Atalia sana. Usirudi nyuma kumbembeleza mara ya pili, na usikimbie. Mimi nitakuwa nimemshika, na nikimaliza kumnyamazisha sitamdanganya.

Unaweza kunikasirikia kwa kubadilisha saa bila kukuuliza. Haya, kasirika, una usiku mzima. Lakini mimi nimeishi miaka hii yote bila kujua mtoto wangu alikuwa analia namna gani nilipoondoka, kwa sababu sikuwahi kusubiri nione. Kesho ninayebaki mlangoni ni mimi.

Mama yako